Kugeuza Hiace ya abiria kuwa gari la kulala: anza na sakafu

Wengi huanza na godoro na taa za rangi. Mimi nakusihi uanze chini, kwa sababu kila utakachojenga kitasimama juu ya sakafu, na barabara ya vumbi haisamehe kitu kilicholegea.

Hatua ya 1: Ng'oa. Toa viti na zulia. Bolti zilizoshikwa na kutu zinyunyizie mafuta ya kulegeza jioni, uzifungue asubuhi. Zote ziweke koponi, usitupe hata moja. Kisha piga magoti na tochi. Gari lililobeba abiria miaka mingi huwa limenywa maji ya mvua na soda chini ya zulia, hasa karibu na mlango na kwenye matao ya magurudumu. Sugua kwa brashi ya waya hadi chuma king'ae, halafu paka rangi ya kuzuia kutu mara mbili. Palipotoboka ni kazi ya fundi wa kulehemu. Rangi haizibi tundu.

Hatua ya 2: Pima. Hiace nyembamba ina upana wa nje wa milimita 1,695, kwani Japani gari likizidi mita 1.7 huingia daraja jingine la usajili. Ukitoa kuta, mtu mzima hawezi kujinyoosha kwa kukingama. Kitanda kifuate urefu wa gari. Godoro la futi 4 kwa 6 litakuachia kinjia upande wa mlango.

Hatua ya 3: Funga. Hapa ndipo kazi huharibika. Kwenye gari langu la kwanza nilipigilia kabati kwa skrubu ndefu moja kwa moja sakafuni. Nilipoingia uvunguni nikakuta ncha ya skrubu imesimama upana wa kidole kutoka kwenye bomba la mafuta. Mwili ulinisisimka. Tangu hapo natumia matundu ya bolti za viti: kiwanda kiliyaweka mahali penye nguvu, na yako tayari. Tandika plaiwudi ya milimita 12, ipitishie bolti zile zile, kisha funga fremu ya kitanda juu yake. Lazima utoboe kwingine? Ingia uvunguni kwanza.

Hatua ya 4: Umeme. Betri ya pili iwe ya kwake, tofauti na ile ya kuwashia injini. Ya lithiamu ya volti 12, ampea-saa 100, hutosha friji ndogo, taa na simu kwa usiku mmoja bila wasiwasi. Fyuzi ikae kwenye waya wa chanya, si zaidi ya shubiri moja kutoka kwenye betri. Waya wa friji uwe mnene. Ukiwa mwembamba na mrefu, volti hushuka njiani na friji hujizima ilhali betri bado ina chaji.

Maswali ya wanachama

*Kaka, naweza kupikia ndani kwa jiko la makaa usiku wa baridi?*
Tafadhali usifanye hivyo kamwe, hata dirisha likiwa wazi kidogo. Hewa ya sumu itokayo kwenye makaa haina harufu, na aliyelala haamki. Mtungi wa gesi nao uwekee kisanduku chake chenye tundu la kutokea nje kwa chini, kwa kuwa gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na hutuama sakafuni.

*Mbona kuta zangu zinatoka jasho asubuhi?*
Ni pumzi zenu. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na Julai bati hupoa sana. Acha upenyo madirisha mawili yanayokabiliana, na usibane godoro ukutani.

*Nikitoa viti, NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani ya Kenya) wanahusika?*
Ndiyo. Idadi ya viti na aina ya gari vikibadilika, omba ukaguzi ili kumbukumbu za gari zirekebishwe, na ujulishe bima.

*Watoto wakae kitandani tukienda Naivasha?*
Hapana, dada. Kitanda hakina mkanda. Rudisha safu moja ya viti kwenye matundu yake ya awali, mikanda ikiwa mizima, kitanda kianzie nyuma yake. Ndiyo maana nilisema zile bolti usizitupe.