Rotaveta ya mtumba kwa trekta dogo: mambo ya kuzingatia kabla pesa haijatoka

Minada ya korosho ikianza mwezi wa 10, pesa huanza kuingia kwenye akaunti za wakulima wa Tandahimba, Newala, Masasi na Ruangwa, na mvua zetu za msimu mmoja zinakuwa zimebakiza wiki chache tu kufika. Hapo ndipo mwenye rotaveta, ile mashine ya visu vinavyozunguka inayofungwa nyuma ya trekta kuvunjavunja udongo, iliyolala muda mrefu chini ya mwembe anapokumbuka kuipiga rangi. Mnunuzi naye ana haraka, shamba linamsubiri, hana muda wa kutazama kilicho chini ya hiyo rangi. Kwa hiyo jambo la kwanza ni muda. Anza kutafuta wakati wa kiangazi, Julai hadi Septemba, na ukipita maonyesho ya Nane Nane pale Ngongo, Lindi, simama kwenye rotaveta mpya hata kama mfuko wako ni wa mtumba. Pima upana na unene wa kisu kipya, piga picha, uliza bei ya seti nzima ya visu, bei ya bering na ya sili, ile pete ya mpira inayozuia oili kuvuja. Utavihitaji vipimo hivyo ukifika kwa muuzaji.

Kabla ya mashine ya mtu, lijue kwanza trekta lako. Nguvu inayofika kwenye PTO, ile shafti yenye meno nyuma ya trekta, ni pungufu ya ile iliyoandikwa kwenye injini. Trekta la hp 25 (nguvu za farasi) mara nyingi hutoa kama hp 20 tu nyuma. Mafundi hukadiria hp 5 za PTO kwa kila futi moja ya upana wa rotaveta, kwa hiyo trekta hilo lichukue futi 4, yaani mita 1.2 hivi. Kwenye udongo mzito wa mbuga usithubutu kuzidisha. Wakati huohuo pima tairi za nyuma kutoka ukingo wa nje hadi ukingo wa nje: rotaveta ikiwa nyembamba kuliko hapo, tairi itabaki inakanyaga ulichokwisha kulima. Angalia pia gia ndogo kabisa ya trekta. Rotaveta inataka mwendo wa pole, kilomita 2 hadi 5 kwa saa, na trekta lisiloweza kutambaa hivyo litaacha mabonge yasiyovunjika. Halafu kuna uzito. Hata rotaveta ya futi 4 inaweza kufika kilo 200, na haidroliki iliyochoka itainyanyua kwa shida huku pua ya trekta ikiwa nyepesi mlimani.

Nenda na rula. Kifaa hufungwa nyuma ya trekta kwa pini tatu, mbili chini na moja juu. Trekta nyingi ndogo hutumia pini za chini za milimita 22 na ya juu ya milimita 19. Za chini zikiwa milimita 28, mashine hiyo ilitengenezewa trekta kubwa zaidi. PTO ya kawaida ni ya meno 6, unene wa milimita 35, mizunguko 540 kwa dakika. Shafti yenye meno madogo 21 ni ya mizunguko 1,000, achana nayo.

Kuna mitego miwili ambayo inawaumiza wengi huku kwetu. Mmoja ni rotaveta ya pawatila, zile mashine za magurudumu mawili zilizoenea wakati wa kampeni ya serikali ya Kilimo Kwanza, iliyotangazwa 2009. Dalali atakwambia "ni rotaveta tu, itaingia". Haiingii. Ya pawatila hufungwa moja kwa moja kwenye giaboksi yake, haina mikono mitatu ya kuning'inia nyuma ya trekta. Mwingine ni rotaveta za Kijapani zinazokuja pamoja na trekta ndogo zilizotumika. Nyingi ni imara sana, lakini baadhi zina mfumo wao maalumu wa kufungia na propela (shafti inayopeleka nguvu kutoka PTO hadi kwenye rotaveta) fupi mno, na haziendani na trekta la aina nyingine bila kuchomelewa upya fremu. Kama rotaveta ilikuja na trekta lake, zinunue pamoja, la sivyo muombe muuzaji aifunge nyuma ya trekta lako mbele ya macho yako.

Sasa ukaguzi wenyewe, na hapa usikubali kuharakishwa. Mwambie muuzaji mapema kwa simu asiioshe mashine. Vumbi ni shahidi mzuri: palipo na sili iliyokufa, vumbi hushikamana na oili na kuwa tope jeusi linaloganda. Mashine iliyooshwa asubuhi ya siku unayokuja haikuonyeshi kitu. Fungua bolti ya oili ya giaboksi, chovya kijiti kisafi. Oili nyeupe kama maziwa maana yake maji yameingia, na kwa mashine iliyofanya kazi kwenye majaruba ya mpunga jambo hilo ni la kawaida kabisa. Ikimetameta chembe za chuma, bering au gia zinalika. Ukikuta grisi nzito mahali pa oili, mtu alitaka kuficha mvujo, maana grisi haidondoki. Lakini haipandi kwenye gia za juu wala haifiki kwenye bering inavyotakiwa, na mashine iliyolima hivyo msimu mzima imeshaungua ndani.

Nenda upande wa pembeni, kwenye boksi refu linaloshusha nguvu hadi kwenye visu. Uliza kama ni la gia au la cheni. La gia hudumu zaidi na hugharimu zaidi likifa. La cheni linarekebishika hata na fundi wa Masasi mjini, ila sikiliza: cheni iliyolegea hugonga kuta za boksi ukiizungusha shafti kwa mkono. Kisha inyanyue rotaveta, weka magogo imara chini yake, zima injini na utoe ufunguo. Shika ncha ya shafti ya visu, isukume juu na chini kwa nguvu. Ikicheza, bering imekwisha. Izungushe taratibu ukitazama ncha moja. Ikiyumba, shafti imepinda, na hiyo ndiyo kasoro ya kukufanya uondoke bila mazungumzo ya bei, kwa sababu kuinyoosha ni kazi ya karakana yenye mashine kubwa na mara nyingi hurudi kuyumba.

Visu visikutishe sana, vinabadilishwa. Vipime tu ulinganishe na picha ya Ngongo, vihesabu, na ukatoe gharama ya seti kwenye bei. Kinachotakiwa kukutia wasiwasi ni matundu ya bolti kwenye sahani zinazoshika visu. Yakiwa yametanuka, visu vipya navyo vitalegea. Na visu vilivyochomelewa vikatae, chuma chake hupoteza uimara kwenye moto na huvunjika kikikutana na kisiki. Tazama pia kama mlango wa nyuma upo, kwa kuwa ndio unaozuia mawe kuruka.

Propela ndiyo inayoua watu, nami siwezi kulipita hili haraka. Mizunguko 540 kwa dakika ni mizunguko 9 kwa sekunde moja. Pindo la kanga, msuli, mkono wa shati, vinaviringwa kabla hujapiga kelele. Kama kifuniko cha plastiki cha propela hakipo, gharama yake iingie kwenye hesabu ya kununua. Urefu nao una hesabu: mabomba mawili ya propela yaingiliane angalau theluthi moja, na ukiinyanyua rotaveta yasigote mwisho, maana yakigota yanasukuma na kuvunja bering za trekta lenyewe. Angalia bolti ya kukatika au klachi ya kuteleza, vinavyoilinda giaboksi visu vikikwama. Mtu aliyechoka kubadilisha bolti laini huweka ngumu, na siku kisiki cha mkorosho kikigoma, giaboksi ndiyo inayokatika. Klachi iliyokaa miaka bila kazi huganda kwa kutu, ifunguliwe, isafishwe.

Udongo nao una neno lake. Mchanga wa nyanda za Wamakonde hula visu haraka, hivyo duka la spea lililo karibu ni muhimu kuliko jina la kampuni lililoandikwa kwenye mashine. Chini ya mikorosho lima juu juu, mizizi midogo iko karibu na uso wa ardhi. Mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 ukafika hadi Nachingwea ulinunua trekta nyingi zilizobaki vitani, zilizochoka tayari, na nyingi ziliharibika mapema kwa kukosa spea. Mradi ukaachwa 1951, ukatuachia bandari ya Mtwara. Kama hujui sili na bering za rotaveta hiyo zinapatikana wapi, Mtwara au Kariakoo, bado hujamaliza kuikagua.

Karatasi: mkataba wa mauziano mbele ya ofisi ya kijiji au mtaa, pamoja na nakala ya kitambulisho cha muuzaji. Mashine ikiwa ya AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) au kikundi, dai muhtasari wa kikao kilichoidhinisha kuiuza. Ukinunua Dar, lori lililopeleka saruji na kurudi Mtwara tupu huwa nafuu ya usafiri, ila ifunge rotaveta ikiwa imesimama kwa miguu yake.

Usilipe yote kabla ya majaribio. Ilimwe robo ekari kwenye udongo unaofanana na wako, kisha gusa giaboksi na ncha zote mbili za shafti ya visu kwa nyuma ya mkono, PTO ikiwa imetolewa na injini imezimwa. Vuguvugu ni sawa. Ikiwa huwezi kuushikilia mkono hapo, bering hiyo itakufia katikati ya msimu. Ukiridhika na kuifikisha nyumbani, mwaga oili yote iliyomo, weka oili mpya ya gia, SAE 90, piga grisi kila nipeli, na kaza upya bolti zote za visu baada ya saa chache za kwanza shambani.