Kuunda modeli ya kingamwili kwa viberiti 12

Kingamwili ya aina ya IgG, protini ya damu yenye umbo la Y inayonasa vimelea, imejengwa kwa domeni 12, yaani sehemu zilizojikunja, kila moja ikiwa na asidi amino (matofali ya protini) 110 hivi. Kiberiti kimoja kitasimama badala ya domeni moja.

Tafuta viberiti 12 vitupu, mita moja na nusu ya waya mnene wa shaba (Kariakoo wanakukatia), waya mwembamba, shanga 12, pamba na steplesi. Gundi achana nayo. Kwa unyevu wa Dar italegea tu.

Toboa kila kiberiti ncha zote mbili kwa msumari. Kata nyaya mbili za sentimita 35, ndiyo minyororo mizito, na mbili za sentimita 15, ndiyo myepesi. Mzito unabeba viberiti vinne, mwepesi viwili. Wengi huikata yote sawa, ilhali mzito una kilodaltoni (kipimo cha uzito wa molekuli) 50 na mwepesi 25. Jumla ya molekuli nzima ni 150 hivi.

Kwenye mnyororo mzito, ukishavisha viberiti viwili acha sentimita 4 za waya mtupu, kisha endelea. Hapo ndipo bawaba, na hapo ndipo modeli nyingi huharibika: mtu anaona inayumba, anaikaza kwa selotepu, anabaki na panda ya manati. Iache iyumbe. Mikono ya kingamwili hujipinda ili ifikie antijeni, yaani vitu inavyovinasa, zilizopishana umbali.

Laza mwepesi ubavuni mwa viberiti viwili vya juu vya mzito, uufunge mara moja karibu na bawaba. Unganisha bawaba mbili kwa vifungo viwili. Vifungo hivyo vinne, kimoja kila mkono na viwili vya bawaba, ni madaraja ya salfa: atomi mbili za salfa zilizoshikana. Ndani ya kila domeni limo jingine, kwa hiyo kila kiberiti kipige pini moja ya steplesi.

Shinani, yaani chini ya bawaba, viberiti vya chini kabisa vigusane. Vya juu yake viachane, katikati upachike pamba: ni sukari iliyoshikana na asidi amino ya 297.

Shanga tatu tatu ziende kwenye ncha za viberiti vinne vya juu, sita kila mkono. Antijeni hunasa hapo, si kwenye panda.

Sasa kata mnyororo mzito kwa koleo, juu kidogo ya vifungo vya bawaba, pande zote mbili. Utapata mikono miwili na shina. Mwanabiokemia Mwingereza Rodney Porter alipata vipande hivyo hivyo mwaka 1959 kwa papaini, kimeng'enya cha utomvu wa papai, kilekile kinacholainisha nyama ya mishkaki ukiipaka papai bichi. Ukikata chini ya vifungo, kama ifanyavyo pepsini, kimeng'enya cha tumboni, mikono inabaki imeshikana.