Mishkaki laini: papai bichi kiasi gani, na kwa saa ngapi

Mishkaki mizuri huanzia buchani. Omba steki au nyama ya paja isiyo na mfupa, kilo 1, ukaikate mwenyewe nyumbani. Kabla ya kisu, itazame: nyuzi za nyama huelekea upande mmoja, kama kamba zilizolazwa. Kata kwa kuzikingama, usizifuate, vipande viwe vya sentimita 2 hadi 3. Utando mweupe unaong'aa utoe wote, maana hakuna kiungo kitakachoulainisha, na ukikutana na moto hujikunja na kukivuta kipande kizima. Mafuta kidogo yaache.

Ukiwa umenunua sarara (fileti), papai huhitaji. Sarara ni laini yenyewe, na papai litaiharibu. Itie chumvi, thomu (kitunguu saumu), pilipili manga na mafuta, nusu saa inatosha.

Kwa steki na paja, ndipo papai bichi linapokuja. Ukienda sokoni Mombasa, Kongowea au Marikiti, chagua lililo kijani kabisa na gumu. Likwaruze ganda kwa ncha ya kisu: litoe matone meupe, mazito, yanayonata kama gundi. Huo utomvu ndio wenye papaini, kimeng'enya kinachokatakata protini za nyama. Papai likiiva, utomvu hupungua sana, kwa hiyo lile la njano lililobaki baada ya chakula cha mchana halitakufaa. Lioshe bichi lako na uliparuze na ganda lake, kwa kuwa utomvu mwingi uko hapo chini ya ganda. Pima vijiko 2 vya chakula kwa kilo 1, vilivyosawazishwa. Litakalobaki liparuze, ligawe kijiko kijiko na uligandishe kwenye friza. Baridi haiui papaini. Kinachoiua ni moto, ndiyo maana papai lililochemshwa halilainishi kitu, na nanasi la kopo vilevile, ingawa nanasi bichi lina kimeng'enya chake na kazi hiyo huifanya vizuri. Utomvu huwasha ngozi, basi paka mikono mafuta ya kupikia kabla ya kuanza. Mwenye mzio wa mpira amwachie mwingine.

Rojo lenyewe: thomu chembe 8 na tangawizi ya urefu wa kidole gumba, zitwangwe kinuni pamoja. Bizari nzima kijiko 1 cha chai, ikaangwe kavu mpaka inukie kisha isagwe. Pilipili manga kijiko 1 cha chai, manjano nusu kijiko, pilipili mbichi upendavyo, mafuta vijiko 3 vya chakula, na chumvi vijiko 2 vya chai vilivyosawazishwa. Mafuta yana kazi: ladha nyingi za viungo hivi huyeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji, na nyama yenye mafuta hainati kwenye chuma.

Chumvi ndiyo inayozama. Mwanzoni huvuta maji kutoka ndani ya nyama, utaona bakuli limelowa. Baada ya muda maji hayo hurudi ndani yakiwa na chumvi, na ndiyo yanayoizuia nyama isikauke motoni. Thomu, bizari na manjano haviendi mbali, hukaa juu juu. Papaini nayo haipenyi zaidi ya milimita chache. Hapo ndipo wengi wanapokosea: nyama ikiwa ngumu, huongeza papai au huilaza usiku kucha. Asubuhi, nje imekuwa kama uji, ukiibana kwa vidole inasagika, na katikati bado inatafunwa kama mpira. Kinachosaidia ni kipande kidogo kilichokatwa vizuri. Papai zaidi halitafika ndani.

Kwenye friji, steki yenye papai iachie saa 2 hadi 3, paja saa 3 hadi 4. Ukitaka kujua kama iko tayari, toa kipande kimoja, kifute, ukibonyeze kwa ukucha wa kidole gumba. Ukucha uingie kwa urahisi lakini kipande kibaki na umbo lake. Ukipeleka kidole na uso wa nyama ukaondoka nacho kama gundi, umechelewa. Itie motoni hapo hapo, maana papaini huendelea kufanya kazi, na nyama inapoanza kupata moto hufanya kazi kwa kasi zaidi kabla ya joto kali kuizima.

Anayeandaa futari asifanye yote asubuhi. Nyama, chumvi, viungo na mafuta vichanganywe asubuhi na kuingia kwenye friji. Papai lije alasiri, baada ya sala. Kutoka hapo hadi magharibi ni kama saa 3, ambazo ndizo hasa zinazotakiwa.

Lakini isiwe juu ya meza. Siku za kaskazi, hasa Januari hadi Machi, jikoni Mombasa ni joto la kuzalisha vijidudu upesi, na nyama mbichi isikae nje zaidi ya saa 1. Stima ikipotea, au kama friji hamna, nunua barafu, weka bakuli lililofunikwa juu yake ndani ya ndoo, au fupisha kazi: papai kwa dakika 45 kisha moja kwa moja kwenye seredani, yaani jiko la makaa. Kwenye joto hilo papai hufanya kazi haraka kuliko kwenye friji.

Ndimu ni habari nyingine. Asidi haikati protini kama papai, huzikaza. Samaki ukimwona anageuka mweupe kwenye ndimu, hivyo ndivyo anavyoanza kuiva bila moto, na akizidishiwa huwa mkavu kama chaki. Changu mzima mchanje mara tatu kila upande, mtie chumvi, thomu, pilipili na ndimu, dakika 15 hadi 20, amekwisha. Kamba dakika 15. Usiroweke kitu chenye ndimu au ukwaju kwenye sufuria ya alumini: asidi hula chuma na chakula hupata ladha yake. Tumia bakuli la kioo, plastiki au kauri.

Kuku anastahimili mtindi, maana asidi yake ni ndogo. Mchanje hadi mfupani, mpake, anaweza kulala hadi kesho yake kwenye friji. Pweza hana faida ya kurowekwa akiwa mbichi. Mchemshe kwanza mpaka alainike, kisha ndiyo ndimu na pilipili.

Kabla ya kuchanganya rojo na nyama, uwe umetenga vijiko vichache, hivyo ndivyo vya kupakia wakati wa kuchoma. Lililobaki bakulini limwage, au lichemshe litokote vizuri kabla ya kulitumia. Vijiti vya mti viloweke maji nusu saa. Pangusa rojo lililozidi kwenye vipande, hasa thomu, kwa sababu huungua na kuwa chungu kabla ya nyama kuiva. Vipande visibanane kijitini. Viache nafasi ndogo moto upite. Makaa yawe na majivu meupe juu, bila ndimi za moto, na mishkaki igeuzwe kila dakika 2, jumla dakika 8 hadi 10. Ukwaju upake dakika 2 za mwisho, ukitangulia utaungua. Ukiitoa, ifunike dakika 3 kabla ya kuitia ndani ya mkate wa mofa.