Nyumba moja, mita tatu: namna ya kukagua kodi ya majengo kwenye LUKU

Nyumba tuliyoachiwa na baba huku Mbagala ina mita tatu: moja yangu, mbili za wapangaji. Jioni moja mpangaji wangu, mama anayepika chapati, aliniletea simu yake. "Dada, nimenunua umeme wa elfu mbili, nimepata wa mia tano tu." Nikakagua meseji za nyuma. Miezi minne mfululizo mita zote tatu zilikuwa zikikatwa kodi ya majengo. Jengo ni moja, na kodi hii ni ya mwenye nyumba.

Kodi ya majengo ilianza kukatwa kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, Agosti 2021, shilingi 1,000 kwa mwezi. Julai 2023 ikapanda hadi 1,500, sawa na 18,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida. Ghorofa za mjini hulipa zaidi, kwa kila sakafu.

Kwa hiyo usifute meseji za tokeni. VAT, REA (mchango wa umeme vijijini) na EWURA (ada ya mdhibiti wa nishati) utaziona kila ununuapo. Hizo ni za umeme. Kodi ya jengo hukatwa mara moja kwa mwezi, na usiponunua umeme miezi miwili, utakuta malimbikizo yanakusubiri. Andika kwenye daftari namba ya mita, tarehe na kiasi.

Kisha nenda serikali ya mtaa ukaombe barua ya kuthibitisha kwamba mita hizo ziko kwenye jengo moja, uipeleke TRA ili mita za ziada ziache kukatwa. Mimi nilirudishwa mara mbili kwa sababu barua haikutaja namba za mita. Hakikisha zimeandikwa zote, na ile itakayobaki kulipa itajwe waziwazi. Beba na nakala ya hati au karatasi za mauziano.

Wapangaji wangu niliwapunguzia kwenye kodi ya chumba: 6,000 kila mmoja. Kama wewe ni mpangaji, omba iandikwe kwenye mkataba kabla hujahamia kwamba ukikatwa kodi ya jengo utapunguziwa kodi ya chumba.

Na wazee jamani! Mwenye umri wa miaka 60 au zaidi anasamehewa kwa nyumba moja anayoishi mwenyewe. Lakini mita haijui umri wa mtu, lazima aombe. Mama yangu ana miaka 71, na alikatwa mpaka nilipompelekea maombi na kitambulisho chake cha NIDA.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba nyumba yetu ya vyumba sita inalipa sawa na jumba la kifahari la ufukweni, mradi tu halina ghorofa. Na mtaro wetu umeziba. Mvua ikinyesha maji yanaingia mpaka jikoni. Ndiyo maana kwenye mkutano wa mtaa nilikwenda na hesabu: nyumba 140 tulizozihesabu na balozi wa nyumba kumi, mara 18,000, ni 2,520,000 kwa mwaka. Nikamwuliza diwani ni kiasi gani kimerudi huku. Hakuwa na jibu siku hiyo. Nikaomba swali liingie kwenye muhtasari, na mwenyekiti akausaini mbele yetu.