Kinga ya tumbo la trekta dogo: acheni kuchomelea chuma kwenye injini

Kila Septemba na Oktoba, mashamba mapya yanapofunguliwa kwenye miombo ya Tabora na Katavi, wenye matrekta madogo ya nguvu za farasi 20 hadi 40 hukimbilia kwa fundi wa kuchomelea wakitaka "bati la chini". Wazo ni sahihi. Tumbo la trekta la ukubwa huo liko kati ya sentimita 25 na 35 juu ya ardhi, na kisiki cha mti wa mtundu kilichokatwa kwa shoka mara nyingi huachwa kirefu kuliko hapo. Kinachoharibu kazi ni namna bati hilo, yaani pleti, linavyofungwa: inabanwa mpaka inagusa sampu (bakuli la oili chini ya injini), halafu inachomelewa moja kwa moja kwenye nyumba ya klachi. Trekta iliyofungwa hivyo ina hatari kubwa kuliko ile isiyo na kinga kabisa.

Sababu ya kwanza ni kwamba matrekta mengi madogo hayana chasisi kamili kama ya lori. Injini, nyumba ya klachi na giaboksi zimeungwa kwa boliti, na zenyewe ndizo uti wa mgongo. Nyumba hizo ni za chuma cha kasti, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Ukichomelea kasti kwa vijiti vya kawaida bila kuipasha moto kwanza na kuipooza taratibu, inapata ufa pembeni ya mshono, na ufa huo hauonekani siku hiyo. Unaonekana siku trekta imebeba jembe na imeinama kwenye tuta. Sampu nyingine ni za aluminiamu, na hizo hazihitaji hata kisiki, jiwe moja linatosha kuzipasua.

Sababu ya pili: pleti inayogusa sampu haikingi chochote. Pigo la kisiki linapita kwenye pleti na kuingia kwenye sampu vilevile, tena kwenye boliti ya kumwagia oili, ambayo ndiyo huwa imechomoza kuliko vingine.

Ya tatu ndiyo inayoua injini polepole. Pleti iliyochomelewa haitoki bila grinda, kwa hiyo oili haimwagwi. Kitabu cha trekta kinasema oili ya kwanza imwagwe baada ya saa 50, kisha kila saa 100 au 200 kutegemea aina. Mwenye pleti ya kuchomelewa anaongeza tu oili juu ya ile chafu, msimu baada ya msimu. Halafu injini ikikwama analaumiwa muuza oili!

Sasa vipimo. Egesha trekta mahali palipo sawa, inua kwa jeki, weka stendi imara pande zote mbili. Usilale chini ya trekta iliyoshikwa na jeki peke yake. Tafuta sehemu iliyo chini kuliko zote, kwa kawaida ni kichwa cha boliti ya kumwagia oili, na uanzie hapo. Uso wa juu wa pleti ukae milimita 30 chini ya kichwa hicho. Si 10, si "kidole kimoja". Trekta ya kilo 1,000 au zaidi ikikalia kisiki, pleti itapinda kuelekea juu, na hizo milimita 30 ndizo nafasi yake ya kupinda. Ukizidisha mpaka 50 unapoteza urefu wa tumbo bila faida.

Unene wa chuma ni milimita 5. Pleti ya sentimita 45 kwa 60 ya unene huo ina uzito wa kilo 10 na nusu hivi, mtu mmoja anaifunga akiwa amelala chali. Pleti ya milimita 10 ni mara mbili ya hapo na haina kazi ya ziada kwenye trekta dogo. Pipa la mafuta lililopasuliwa nalo lisitumike: linakunjamana kwa pigo la kwanza, na ncha zake zinakata filta ya oili. Kunja kingo mbili za pembeni kwenda juu milimita 40 ili pleti iwe ngumu, na ukingo wa mbele ukunjwe kwa nyuzi 45, urefu wa sentimita 10, ili kisiki kiteleze chini badala ya kugonga. Ukitumia pleti mbili, zipangwe kama vigae vya paa: mwisho wa pleti ya mbele upite chini ya mwanzo wa ile ya nyuma kwa sentimita 5. Fundi akizigeuza, kila kisiki kitakamata ukingo na kung'oa boliti.

Mashimo yasisahauliwe. Chini ya boliti ya oili toboa shimo la milimita 80, spana iingie na oili imwagike bila kutapakaa juu ya pleti. Filta ya oili ikiwa imening'inia chini, ipate uwazi wa kupitisha mkono, ulindwe kwa ukingo wa bomba lililopasuliwa nusu. Kwingine kote toboa matundu ya milimita 25, umbali wa sentimita 10 kutoka moja hadi jingine, ili maji, matope na nyasi vitoke. Chini ya nyumba ya klachi kavu kuna tundu dogo, mara nyingi lina kipini cha waya kinachochezacheza. Tundu hilo libaki wazi na lionekane. Oili ikidondokea hapo, sili (pete ya kuzuia oili) ya nyuma ya injini au ya giaboksi imeanza kuvuja. Likizibwa, oili inalowesha klachi na hutajua mpaka ianze kuteleza. Kwa trekta zinazoendeshwa kwa pedali ya haidroliki bila gia za kawaida, angalia kama kuna feni chini ya giaboksi. Kama ipo, pleti iishie kabla yake.

Kufunga ni kwa boliti tu. Mbele, tumia matundu yenye hesi (nyuzi za boliti) yaliyopo kwenye kishikio cha ekseli, yale ya kufungia uzito wa mbele au loda (koleo la mbele la kupakilia). Nyuma, tumia vishikio vya ubao wa kukanyagia miguu, au fremu ya loda kama ipo. Usilegeze boliti zinazounganisha injini na nyumba ya klachi ili upate pa kufungia! Boliti ziwe M12 (kipenyo cha milimita 12) zenye alama ya ugumu 8.8, nati zenye plastiki ndani, zikazwe Nm 80 kwa spana ya kupimia nguvu. Matundu ya nyuma ya pleti yawe marefu, milimita 13 kwa 30, ili pleti ikisukumwa isivute vishikio. Vichwa vya boliti vikae chini na nati juu, maana hesi ikikwaruzwa na mawe nati haitafunguka. Kama kuna kishikio kipya cha kuchomelea, kichomelewe mezani. Ikilazimu kuchomelea fremu ya loda papo hapo, toa nyaya za betri, ukianza na hasi, na waya wa ardhi wa mashine ubane karibu kabisa na mshono. Umeme ukipita kwenye beringi unazitoboa vijishimo, na alteneta inaungua.

Kabla ya kushusha trekta, inua gurudumu moja la mbele mpaka ekseli ifike mwisho wa kubembea kwake, halafu la upande wa pili. Kwa trekta ya magurudumu manne yanayosukuma, propela ya mbele (shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli ya mbele) ibaki na sentimita 2 au zaidi kutoka kwenye pleti pande zote. Paipu za haidroliki zilizolegea zifungwe juu, mbali na propela.

Kaza boliti tena baada ya saa 1 ya kazi, kisha baada ya saa 10. Kila jioni ondoa nyasi zilizonasa juu ya pleti kwa kijiti au hewa ya kompresa. Mwezi wa Oktoba nyasi hizo zimekauka, zimelowa dizeli, na ziko karibu na bomba la moshi, kwa hiyo zinashika moto kirahisi. Pleti ikiwa na mikwaruzo na sampu ikiwa kavu, kinga inafanya kazi.

Trekta ikikalia kisiki pamoja na pleti, kanyaga klachi, zima injini, inua kwa jeki, kata kisiki au weka mawe chini ya magurudumu. Ukilazimisha rivasi, kingo zile za vigae zinageuka kuwa ndoano.