Kuandika "look forward to" bila kukosea kwenye barua za wageni

Ukipokea wageni Lamu au Malindi, uwe na gesti, uwe na boti, uwe unawatembeza magofu ya Gede, barua pepe zako nyingi kwa Kiingereza huishia na "look forward to", yaani kusubiri jambo kwa hamu. Iandike hivi.

1. Hakikisha jambo lenyewe ni la furaha. "Kutarajia" kwetu hubeba heri na shari. Msemo huu hubeba heri tu. Mvua za Mei au bahari chafu wakati wa kusi huandikiwa "expect": "We expect rough seas in July." Ukiandika "We look forward to rough seas", mgeni ataona mnayashangilia mawimbi.

2. Angalia kinachofuata "to". Hapa ndipo wengi wanapokwama, hata waliosoma sana. Tumezoea "want to go", "hope to see", basi mkono unaandika wenyewe "look forward to see you". Lakini "to" hii ni kihusishi, kama ile ya "go to Malindi", na baada yake huja nomino, au kitenzi chenye "-ing":

"We look forward to your visit."
"We look forward to welcoming you to Lamu."
"I look forward to hearing from you."

Ukishuku, weka "it" mahali pa kitenzi. "I look forward to it" inakubali, kwa hiyo tia "-ing". "I want to it" haikubali, kwa hiyo kitenzi kibaki kitupu. Kipimo hicho hicho kinafaa kwa "be used to" na "object to": "Our guests are used to walking."

3. Chagua uzito. "I look forward to" ni rasmi, yafaa kwa wakala au ofisi. "I'm looking forward to" ina ukaribu zaidi. "Looking forward to" bila mtendaji iachie ujumbe wa simu.

Na ukiitumia hiyo fupi, usiiunganishe na sentensi nyingine. "Looking forward to meeting you, our boat will wait at Manda" inasema boti ndiyo yenye hamu. Zitenganishe: "Our boat will wait at Manda. We look forward to meeting you."

4. Kagua tahajia. Ni "forward", si "foward". Wala si "look forward for".

5. Ipe mstari wake, mwisho wa barua, na uifunge kwa nukta, si mkato. Chini yake, kama ulianza kwa jina la mtu, andika "Yours sincerely". Kama ulianza na "Dear Sir or Madam", andika "Yours faithfully".