Chevening: hesabu na masaa uliyojitolea

Wadau wa Dar mnaopanga kusoma masta nje, kuna hii Chevening, skolashipu ya serikali ya Uingereza, inalipa ada, nauli ya ndege na hela ya kujikimu kwa masta ya mwaka mmoja. Naona vijana wengi hapa mjini wanajitoa wenyewe kabla hata ya kufungua fomu, eti inataka uzoefu wa miaka miwili, na wao wanahesabu ajira ya mkataba tu. Sio hivyo jamani. Wanachoangalia ni masaa 2,800, na unaruhusiwa kujumlisha ya sehemu tofauti tofauti, kazi ya patitaimu, intanshipu hata kama hukulipwa, ile miezi uliyojitolea kwenye shirika kule Temeke, vyote vinaingia. Chukua daftari leo leo, andika ulifanya wapi, wiki ngapi, masaa mangapi kwa wiki, piga hesabu. Inaniuma sana mtu mwenye sifa akikaa pembeni.

Halafu kuna hili linaloangusha watu, kwenye fomu unachagua kozi tatu lakini hiyo haikuombei nafasi chuoni, chuo unaomba mwenyewe moja kwa moja. Dirisha huwa linafunguliwa Agosti mpaka Oktoba hivi, kwa hiyo marefa, yaani watu watakaokuandikia barua ya kukupendekeza, waambie mapema, hasa mhadhiri mwenye wanafunzi wengi. Na ukimaliza unatakiwa urudi nyumbani angalau miaka miwili, ongea na familia kabla hujaomba.